Nyanya Zikikuzidi: Niliyoongea Jumapili Pale Kwenye Kikundi

Haya jamani, wale ambao hamkufika Jumapili kwenye somo la kuhifadhi nyanya mmenipigia simu wiki nzima, "mwalimu ulisema vijiko vingapi vya limau", nimechoka kurudia. Klipu aliyorekodi katibu inasikika upepo na mtoto analia. Kwa hiyo nimekaa usiku nimeandika yote kama nilivyoongea, ila zile picha nilizokuwa naonyesha kwenye simu siziweki, zilikuwa za sufuria yangu na hazikupendeza kihivyo.

Nilianza hivi.

Kamwene! Kamwene tena, maana hiyo ya kwanza imeitikiwa na mstari wa mbele peke yake.

Mama mwenyekiti, mzee balozi wetu wa nyumba kumi, akina mama wenzangu, na nyie wababa watatu mliokaa karibu na mlango kama watu wanaosubiri basi, nawasalimu wote. Nimepewa nusu saa. Mnanijua, nimefundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, nusu saa kwangu ni salamu tu, lakini nitajitahidi.

Naanza na swali. Nani hapa mwaka huu hajamwaga nyanya? Anyooshe mkono, asiogope. Naona mkono mmoja. Na huyo namjua, hakupanda.

Swali la pili. Nani hapa mwezi wa nne, mvua imechachamaa, alinunua fungu la nyanya tatu zilizosinyaa kwa hela ambayo leo angebeba sado zima na nyongeza juu? Haya, mikono yote, hata ya mlangoni. Kwa hiyo mwezi huu tunamwaga, mwezi ule tunalia, na ni sisi walewale, na vinyungu, hizi bustani zetu za bondeni, ni vilevile. Hivi kweli jamani? Mtu anatoka Dar anapita pale Ilula anaona matenga yamepangwa pembeni ya lami anasema hawa watu wa Iringa wana raha, hajui kwamba huyo mama aliyekaa nyuma ya tenga masika anapika maharage kwa kipaketi cha nyanya cha dukani.

Siongelei nyanya za lori leo. Za lori zina wenyewe na wana hesabu zao. Naongelea hizi zetu, mistari minne mitano ya kinyungu bondeni, ndoo kumi nyuma ya jiko, zile unazogawia jirani mpaka jirani akikuona unakuja na beseni anafunga mlango. Hizo.

Na nina jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote ni matawi yake. Nyanya haiozi kwa sababu ni nyingi. Inaoza kwa sababu sisi tunaisubiri. Tunasubiri ziive zote, tunasubiri Jumamosi, tunasubiri mteja, tunasubiri bei ipande, na nyanya yenyewe haisubiri mtu.

Nianze na siku ya kuchuma, maana hapo ndipo tunapoharibu, na mimi ndiye nimeharibu kuliko nyie wote.

Mwaka wa kwanza nimestaafu nililima kinyungu kama mtu aliyetoka jela, mistari sita, mbegu ya Cal J, kila siku niko bondeni. Nikasema mimi mwalimu bwana, sichumi vipande vipande kama watoto, naacha ziive zote nyekundu nichume mara moja. Nikapata matenga manne, zinawaka. Nikazimwaga stoo kwenye sakafu, rundo moja zuri linafika magotini, nikafunika na turubai zisipate vumbi. Nikaenda msibani Mafinga siku tatu. Narudi nafungua mlango wa stoo, harufu ilinisukuma nje. Nilizoa kwa koleo. Kwa koleo jamani! Nyanya nilizozimwagilia kwa ndoo ya kichwani.

Kosa lilikuwa wapi? Sio moja, ni matatu kwa mpigo. Kwanza nyanya hata ikishachumwa iko hai, inapumua, inatoa joto, ukizirundika na kuzifunika turubai umeziwashia jiko. Pili za chini zimebeba uzito wa za juu, zikapasuka, moja ikianza kuoza maji yake yanashuka kwa wenzake. Tatu, na hili ndilo wengi hatulijui, nyanya haihitaji kuivia mtini. Ikishaanza kupiga wekundu kidogo pale kwenye kitako, imekomaa, ukiichuma itamalizia kuiva ndani ya nyumba yenyewe bila msaada wako. Kwa hiyo siku hizi nachuma kila baada ya siku mbili, zile zilizoanza kubadilika rangi. Kinyungu chenyewe kinapumzika, mti unaendelea kubeba, na kantangaze, yule mdudu mharibifu wa nyanya, anapata nafasi ndogo ya kuniwahi. Mnamkumbuka kantangaze alivyoingia nchini ile 2014, watu walilala na shamba wakaamka na majivu. Bado yupo, usimsahau.

Ukishachuma zitandaze mstari mmoja, kivulini, kwenye gunia kavu au kichanja, pale palipokuwa na kikonyo paangalie chini, hapo hazipotezi maji haraka na hazichubuani. Za kijani unazotaka zije upesi zifungie kwenye boksi na ndizi mbivu moja. Na friji? Dada mmoja alishaniuliza kabla sijaanza, friji si ya kuhifadhia? Hapana, sio kwa nyanya ambayo haijaiva. Chini ya nyuzi kama 12 inagoma kuiva, inakuwa ya mpira na ladha inaondoka. Iliyoiva kabisa ndio unaweza kuiweka siku mbili tatu kuinusuru.

Halafu siku hiyohiyo, sio kesho, unachambua. Nzima ngumu ni za kula na kuuza. Zilizoiva sana, zilizopasuka kidogo leo leo, zenye umbo la ajabu ambazo mteja anazigeuza anazirudisha, hizo ni za jikoni jioni ileile. Na iliyooza ni ya mbolea au nguruwe. Naomba nirudie, iliyooza ni ya nguruwe. Nawaona mnavyokata upande mbovu mnatumbukiza upande mzima kwenye rojo la kuhifadhi. Ukipika ule leo ni shauri lako, ila la kuhifadhi usithubutu, ukungu unapunguza uchachu wa nyanya, na huo uchachu ndio askari wetu kama nitakavyoeleza.

Sasa tuje kwenye rojo, hapa nitakaa kidogo.

Nawapa hadithi. Enzi za Napoleon kulikuwa na Mfaransa anaitwa Nicolas Appert. Hakuwa daktari, hakuwa profesa, alikuwa mpishi na mtengenezaji wa peremende, mtu wa jikoni kama mimi na wewe. Alihangaika miaka na miaka na swali moja, chakula cha msimu huu nitakilaje msimu ule. Akaja na hii, anaweka chakula kwenye chupa ya kioo, anaziba kizibo mpaka kinakaza, halafu anachemsha chupa nzima ndani ya maji. Mwaka 1810 serikali ya Ufaransa ikampa faranga 12,000 kwa sharti kwamba asifiche, aandike kitabu kila mtu ajue. Akaandika. Na kinachonifurahisha mimi ni kwamba yule mzee hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi! Habari za vijidudu zilikuja kuelezwa vizuri na Louis Pasteur, na Pasteur alizaliwa 1822. Mpishi alimtangulia mwanasayansi.

Mmesikia lakini alichofanya? Aliziba kwanza, akachemsha chupa ikiwa imezibwa. Sisi tunafanyaje? Tunachemsha rojo vizuri, tunalimimina kwenye chupa, tunaziba, tunapiga picha, tunatupia status, "usindikaji wa nyumbani". Tumechemsha rojo. Chupa je? Mfuniko je? Ile hewa iliyobaki pale juu je? Vijidudu vimekaa pale vinaangalia status yako.

Mimi yalinikuta. Mwaka uliofuata baada ya lile balaa la koleo nikasema sasa nimeerevuka. Nikapika sufuria kubwa, nikakaangia kabisa kitunguu, kitunguu swaumu, karoti, hoho, mafuta ya kutosha, yaani mchuzi kamili, nikasema masika nikifungua natia nyama tu. Nikajaza kwenye chupa za jamu, nikaziba, kabatini. Wiki ya pili, saa nane za usiku, tukasikia pwaa! Mume wangu akaruka akashika panga, mwizi kaingia. Akaenda taratibu hadi jikoni, anakuta ukuta mzima mwekundu. Mnacheka, yeye mpaka leo hajacheka.

Ila nilikuja kuelewa baadaye kwamba lile lililopasuka lilikuwa la heri, lilinipa taarifa. Kuna kijidudu kingine kinaitwa Clostridium botulinum, hicho hakikupi taarifa. Mbegu zake zinavumilia maji ya kuchemka, kinapenda mahali pasipo na hewa, kwa mfano ndani ya chupa yako uliyoziba vizuri, na sumu yake inaweza kuwepo bila harufu wala povu. Sumu hiyo inalegeza misuli mpaka ya kupumulia. Sitaki kuwatisha, nataka mjue kwa nini naongea kwa ukali kwenye kipengele hiki na kwenye vingine natania.

Kinachokizuia ni uchachu. Uchachu unapimwa kwa kipimo kinaitwa pH, namba ikishuka ndio uchachu unapanda, na mstari wa hatari ni 4.6. Nyanya sasa imekaa wapi? Imekaa hapohapo mpakani, nyingine 4.3, nyingine mpaka 4.9, inategemea mbegu na ilivyoiva. Kwa ulimi huwezi kujua. Ndio maana tunaongeza limau, na sio kwa kukadiria. Chupa ya nusu lita, kijiko kimoja cha mezani cha maji ya limau. Chupa ya lita, vijiko viwili. Na ni yale maji ya limau ya chupa ya dukani, kwa sababu uchachu wake umepimwa, ndimu za mtini moja kali nyingine kama maji. Ukikosa, ndimu ya unga, ile sitriki asidi, robo kijiko cha chai kwa nusu lita, nusu kijiko kwa lita. Ikiwa kali sana wakati wa kupika tia sukari kidogo, ila limau usipunguze. Na vile vitunguu na swaumu na hoho na mafuta, acha nje. Ndani ya chupa ni nyanya, limau, na chumvi ukipenda. Kitunguu utakikaanga siku ya kupika, kwani kitunguu kinakosekana?

Haya, hatua zenyewe, nazipitia upesi. Ganda linatoka rahisi ukilichana msalaba kwenye kitako, ukatumbukiza nyanya kwenye maji yanayochemka nusu dakika mpaka dakika, ukaitoa kwenye maji baridi, linavuka kama soksi. Kata, ponda, chemsha kwenye sufuria ya stenlesi au ya bati lenye rangi, sio hizi zetu za alumini, uchachu unazila na rojo linapata ladha ya chuma na rangi ya kufubaa. Likiwa bado linachemka jaza kwenye chupa safi za moto zilizotiwa limau tayari, acha nafasi juu kama upana wa kidole, futa mdomo wa chupa, ziba. Panga kwenye sufuria kubwa yenye kitambaa chini ili zisigongane, maji yafunike mifuniko kwa vidole viwili, funika, na uanze kuhesabu pale maji yanapochemka, sio pale ulipowasha moto.

Dakika ngapi? Hapa msidanganywe na klipu za watu wa pwani. Kule Dar maji yanachemka kwa nyuzi 100. Iringa mjini tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi kama 95, yanatoa mvuke kwa mbwembwe lakini hayana ukali uleule. Kwa hiyo sisi tunaongeza muda. Nyanya za kuponda, chupa ya nusu lita dakika 45, ya lita dakika 55, na zinachemka muda wote, ukienda kupiga stori kwa jirani moto ukashuka umeanza upya.

Zikipoa, kesho yake, bonyeza katikati ya mfuniko. Ukiwa umezama na haurudi, imeshika. Ukifanya tak tak, haijashika, weka friji uitumie siku hizohizo. Mifuniko inunuliwe mipya, ule mpira wa ndani ukishatumika umechoka. Chupa za maji za plastiki naomba nisizione kabisa. Na ukifungua siku moja ukakuta mfuniko umevimba, au inarusha povu, au una wasiwasi tu, usionje. Usiseme ngoja niguse na ulimi nione. Mwaga mbali na kuku.

Sasa nawaona sura zenu, mmeshaanza kuogopa. Ni sawa. Kusema kweli mimi mwenyewe chupa nafanya chache, kama kumi na mbili hivi, siku ambayo nimetulia na nina kuni. Mwenye friza wala asihangaike na haya yote. Nyanya zilizoiva osha, futa, tia kwenye mfuko, zigandishe nzima nzima na maganda yake, siku ya kupika ukiipitisha chini ya bomba ganda linavuka lenyewe. Au pika rojo lako, hapa sasa tia vitunguu na swaumu na unachotaka, liache lipoe, gandisha kwenye vikopo vya kipimo cha mlo mmoja. Cha mlo mmoja! Usigandishe ndoo, utaivunja kwa shoka siku ya wageni. Umeme ukikatika usifungue fungue kuangalia, friza iliyojaa na haijafunguliwa inashika ubaridi kama siku mbili.

Ambaye hana friza, na ndio wengi wetu hapa, namletea mama mkwe wangu.

Mama mkwe ni Msukuma wa Shinyanga. Mara ya kwanza amekuja kutusalimia huku alishuka na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na mwingine wa nsansa, majani ya kunde makavu. Mimi mwalimu wa sayansi kimu, na cheti changu ukutani, nikacheka kimoyomoyo, nikasema huyu mama amebeba majani makavu kutoka Shinyanga mpaka Iringa kwenye mboga kila kona. Akaona nyanya zangu bondeni. Akauliza, "Mwanangu, hizi mnazifanyaje?" Nikamwambia tunauza, zinazobaki zinaoza. Alinyamaza. Hakunisema. Kesho yake asubuhi namkuta ametandika chandarua cha zamani juu ya kichanja cha vyombo, amekata nyanya vipande, amevipanga kimoja kimoja havigusani, amenyunyiza chumvi, juu amefunika na kipande kingine cha neti kwa ajili ya nzi. Jioni akavitoa ndani visinywe umande. Asubuhi akavirudisha. Siku ya nne ananiletea kibakuli, vipande vimejikunja kama ngozi, vyekundu vya kukolea, ukitafuna kimoja ni kama umekula nyanya tano.

Niliona aibu, nawaambia ukweli. Cheti ukutani, na aliyenifundisha kuhifadhi nyanya ni nyanya ya wanangu. Maana Wakenya si ndio wanamwita bibi nyanya? Zanzibar nako nyanya wanaita tungule. Lugha hii bwana.

Sasa kwa nini kukausha kunatufaa sisi? Piga hesabu. Nyanya ni maji karibu asilimia 95. Nyanya kilo 20, ukizikausha, unabaki na kilo moja na kitu. Unaiweka kwenye kopo juu ya kabati. Na moto ni wa Mungu, huuziwi. Rojo zito linakula kuni, linakaa jikoni saa mbili saa tatu unakoroga, ukihesabu kuni na muda unakuta kipaketi cha duka kilikuwa nafuu. Jua la huku miezi hii ni kavu na lina upepo, ndilo linalofaa hasa.

Mambo ya kuzingatia ni machache. Tumia nyanya yenye nyama, Roma, Cal J, Tanya, hizi za mviringo zenye maji mengi utakausha mpaka Krismasi. Ondoa mbegu na ule uteute kwa kidole. Kata unene ulio sawa, kama nusu sentimita, ukikata kimoja nene kimoja chembamba, chembamba kitaungua na kinene kitaota ukungu. Usianike juu ya bati wala chini, anika kwenye wavu hewa ipite pande zote mbili. Mwenye fundi jirani amtengenezee kaushio, ni boksi la mbao, wavu, na nailoni nyeupe juu, matundu ya hewa chini na juu, linakausha haraka na vumbi haliingii. Zitajulikana zimekauka ukikunja kipande, ukikichana hakuna unyevu hata kidogo ndani. Kikiwa baridi ndio uweke kwenye chupa kavu, wiki ya kwanza uwe unaitikisa unaangalia, ukiona mvuke kwenye kioo au vinashikana, rudisha juani.

Na msizitumbukize kwenye mafuta mkaziacha mezani kama mnavyoona kwenye klipu za Wazungu na majani ya kijani juu. Ni kijidudu chetu kilekile, mafuta yamemfungia hewa nje. Kavu zikae kavu. Mimi nyingine nazisaga kwa blenda au kinu, napata unga wa nyanya, vijiko viwili kwenye maharage, kwenye dagaa, kwenye supu, mchuzi unashika rangi na unakuwa mzito. Wanangu wanaosoma mbali huwa siwapi mchele tena, wananiomba unga wa nyanya.

Kwenye kutumia sitakaa sana, nyie ni wapishi. Ila nina dukuduku moja. Tunavuna nyanya debe tano na tunazitumia vilevile kama tuna nyanya mbili, tunakatia kwenye mchuzi basi. Msimu wa nyingi ni msimu wa kuzila kama chakula, sio kama kiungo. Kaanga nyanya nane na vitunguu mpaka zitoe mafuta juu, vunjia mayai humo humo, kula na ugali, hiyo ni mboga kamili. Pika samaki wa Mtera kwenye rojo tupu bila tone la maji. Chachandu ile ya kwenye mihogo na mishikaki, pika nyumbani, nyanya, pilipili, siki, watoto waache kununua ya barabarani. Na za kijani zilizobaki mtini msimu ukiisha ni achari tosha. Nyanya iliyopikwa na mafuta kidogo, ile rangi yake nyekundu inayoitwa laikopini mwili unaichukua vizuri kuliko ikiwa mbichi, ingawa vitamini C inapungua motoni. Kwa hiyo kula zote mbili, mchuzi na kachumbari, bishana na mtu mwingine.

Hapo ndipo nusu saa iliisha, na mama mwenyekiti akaanza kuangalia saa. Maswali yalikuwa mengi, nayaandika yale yaliyokuwa na maana (samahani aliyeuliza kama nyanya zinapunguza tumbo).

Dada mmoja aliuliza habari za ile dawa ya kuhifadhia inayouzwa madukani, benzoeti. Nilimjibu, viwandani inaruhusiwa lakini kwa kipimo kidogo kinachopimwa kwa mizani. Wewe una mizani ya gramu jikoni? Mimi sina. Kwa hiyo siitumii, na limau na moto vinanitosha.

Mwingine akauliza kama anaweza kuuza chupa zake sokoni. Hapo nikamwambia nimefundisha jikoni kwako, sio kiwanda. Ukitaka kuuza nenda SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wana mafunzo ya usindikaji na watakuelekeza, na alama ya ubora inatolewa na TBS, shirika la viwango. Ukiruka hapo, mtu mmoja akiugua tumbo, hata kama alikula mishikaki, ni wewe.

Kuna kijana akauliza mbegu. Swali zuri. Kama nyanya yako ni ya kawaida, Tanya au Tengeru 97, chagua tunda zuri kwenye mti wenye afya, kamua mbegu kwenye kikombe na maji yake, ziache siku mbili tatu zichachuke mpaka ule uteute uachie, osha, kausha kivulini kwenye sahani, sio kwenye karatasi zitaganda. Kama ni F1, yaani mbegu chotara, usijisumbue, watoto hawatafanana na mama.

Halafu mzee balozi, ambaye nilidhani amesinzia, akanyoosha fimbo. "Mwalimu, mimi mke wangu alitangulia, kupika najua ugali na chai. Nina nyanya ndoo nne nyumbani, sasa hivi, zimeiva. Hayo ya chupa na pH sijayashika. Nifanyeje leo?"

Nikamwambia mzee wangu, leo chambua tu, bovu tupa, nzima tandaza kivulini mstari mmoja, kikonyo chini. Kesho asubuhi wajukuu zangu wanakuja na visu na kile chandarua cha mama mkwe, kinyungu chako si kiko njiani. Akasema nguzo za kichanja anazo.

Basi ndio tumekubaliana, Jumamosi saa tatu asubuhi tunakutana kwa mzee balozi sio kwa mwenyekiti tena. Kila mtu aje na kisu chake, kibao cha kukatia, na mita moja ya neti. Chupa za kioo zenye mifuniko mipya walete wale sita walioandikisha kwa katibu. Limau ya chupa nanunua mimi, mtanirudishia.